Kidonda kidogo si kizuri kila mara

Baba mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mutu akiwaambia: «Kuna roboti inayopasua, kidonda ni kidogo na mugonjwa anarudi nyumbani upesi», mutafurahi. Lakini sikieni kwanza.

Kwa kansa ya shingo la kizazi inayoanza tu, wanganga wa inchi nyingi walilinganisha njia mbili kwa wanawake 631. Wamoja walipasuliwa tumbo wazi. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, wengi kwa vyombo vya kushika mukononi, wachache kwa roboti. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kisha miaka 4 na nusu, katika wanawake 100 wa tumbo wazi, 96 hivi walikuwa wazima bila kansa kurudi. Kwa matundu madogo, 86 tu.

Kidonda kikubwa kinapona. Kansa ikirudi, inaweza kuua.

Basi baba, munganga akisema bibi yako apasuliwe tumbo wazi, usikatae. Nawe mama, ukiona damu nje ya siku zako, ao kisha kulala na bwana, usingoje: enda lopitalo. Hata bila alama yoyote, omba kupimwa. Kansa ikionekana mapema, inaponyeka.

Afya ya mama ni nguvu ya jamaa lote.