Chakula cha Mchana Katika Mkahawa wa Kitaliani

Katika miji yetu ya pwani, na hasa Malindi, imekuwa ni ada siku hizi kijana apatapo mshahara wake kuwaalika wazee wake katika mikahawa ya vyakula vya Kizungu. Wako wasemao kwamba kuingia humo ni kujifananisha na wasio sisi, na wako waingiao wakala killa wawekewacho bila ya kuuliza neno. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepita mpaka, na jambo lenyewe lataka maelezo.

Wataliani hawakuja Malindi jana. Katika miaka ya 1960 walijenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha kutoka baharini chombo chao cha kuizunguka dunia. Baadaye wakaja watalii, wakajenga nyumba na hoteli, hata leo wako vijana wengi wa Malindi wasemao Kitaliani kama waliozaliwa nacho. Basi haishangazi kuona kwamba chakula chao nacho kimepata makao kwetu.

Na chakula hicho, ndugu msomaji, si kigeni kama kionekanavyo. Waislamu waliingia kisiwa cha Sisilia mwaka 827, na utawala wao haukwisha kabisa ila mwaka 1091. Katika muda huo walipanda huko ndimu, miwa, mpunga na mabiringani. Mpaka leo Mtaliani huiita sukari kwa jina lililotokana na Kiarabu, kama sisi. Ama tambi, mwanachuoni Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika mji wa Palermo, ameeleza kwamba katika kijiji cha Trabia, karibu na mji huo, zilitengenezwa tambi nyingi zikapakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Na katika kitabu hicho hicho limetajwa jina la Malindi. Basi mwenye kula tambi za sukari siku ya Idi, kisha akasema kwamba tambi za Kitaliani ni za makafiri, hakuitazama historia. Hata nyanya, ambazo Mtaliani hawezi kupika bila ya hizo, zilitoka Marekani baada ya mwaka 1492, kama yalivyotoka huko mahindi na muhogo tulao sisi.

Kwa hivyo swali si chakula hiki ni cha nani. Swali ni: ndani yake mna nini?

Mpwa wetu mmoja alipopata mshahara wake wa kwanza alitualika, sisi na mama yake, chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa namna hiyo. Mtumishi alipoleta orodha ya vyakula, kijana aliuliza neno moja tu: “Mna nguruwe humu?” Akajibiwa kwamba katika tambi za kamba hamna. Akaridhika. Sisi tukamwambia aulize pia kama mna mvinyo. Akainama, akasema kwa sauti ndogo: “Mjomba, tutaonekana washamba.”

Tukamwambia: “Mwanangu, mshamba ni yule alaye asichokijua.”

Mtumishi akaenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe. Mpishi akasema wazi kwamba kamba wale hupikwa kwa mvinyo mweupe, lakini kileo huondoka chote kwa moto. Tukamshukuru kwa ukweli wake, tukamuomba atupikie samaki kwa nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, katika sufuria safi. Hakukunja uso hata kidogo. Alisema kwamba Wazungu wenyewe humuuliza killa siku: huyu haumudu unga wa ngano, yule hudhurika na njugu, na wala hapana aonaye haya. Mpwa wetu akainua kichwa. Ikiwa mtu hauliza kwa ajili ya tumbo lake bila ya aibu, vipi Muislamu aone aibu kuuliza kwa ajili ya dini yake?

Ama ile kauli kwamba mvinyo huondoka wote kwa moto, si sahihi. Wataalamu wa vyakula walioipima wameona kwamba chakula kilichochanganywa na kileo kikachemka kwa dakika 15 hubakiwa na kama sehemu 40 katika 100 za kileo hicho, na hata baada ya saa 2 na nusu hubaki kama sehemu 5. Na juu ya hayo, kwa madhehebu yetu ya Shafii, mvinyo ni najisi, na chakula huwa kimekwisha kunajisika tangu ulipomiminwa.

Yafaa basi watu wa nyumbani wajue mambo haya. Tambi ziitwazo carbonara asili yake ni mayai, jibini na nyama ya shavu la nguruwe. Supu ya mboga, minestrone, ingawa jina lake ni la mboga, pengine hutiwa mafuta ya nguruwe. Tiramisu, yenye kahawa na malai, mara nyingi hutiwa kileo, na aghalabu ni mvinyo wa Marsala. Na ajabu ni kwamba mji huo jina lake latokana na neno la Kiarabu marsa, yaani bandari. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini, ambayo huweza kutoka katika ngozi ya nguruwe. Jibini la Parmigiano hugandishwa kwa kitokacho tumboni mwa ndama, na wanavyuoni wamehitilafiana ikiwa ndama huyo hakuchinjwa kisharia. Ama nyama, yatosha kuuliza nani kachinja. Na piza ya nyanya, jibini na majani ya rihani haina shaka ila katika jibini lake.

Katika adabu za meza, wako wadhanio kwamba uma lazima ushikwe kwa mkono wa kushoto. Mtaliani mwenyewe hali tambi hivyo. Huushika uma kwa mkono wa kulia, akazizungusha tambi, wala hazikati kwa kisu. Basi mwenye kufuata mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kupiga bismillahi na kula kwa mkono wa kulia, hapo hapingani na mtu. Lakini meza inayozungushwa mvinyo tumekatazwa kuikalia. Kwa hivyo chagueni mkahawa usiouza, au saa na mahali ambapo hamtachanganyika na wanywao. Na chakula kisichokupendeza kiache bila ya kukitia ila, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa tabia ya Mtume wetu.

Enyi vijana, kuwaalika wazee wenu ni wema, na fedha ya halali iliyotumika kumfurahisha mama haikupotea. Lakini msiutimize wema huo kwa kumlisha mama asichokijua. Nanyi wazazi, msiwafukuze watoto kwa kuharimisha killa kigeni, kwani mtoto akikatazwa halali pamoja na haramu huzidharau zote mbili. Mfundisheni maswali manne: Nyama imechinjwa na nani? Mna mvinyo? Mna mafuta au jelatini ya nguruwe? Chombo kimepikiwa nini kabla yake? Akijibiwa vyema, na ale ashukuru. Akiona shaka, na aiache sahani hiyo aagize nyengine. Halali ni nyingi kuliko haramu, hata katika orodha ya Mtaliani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.