Mwiri: Mti wa Dawa Unaouawa kwa Sababu ya Gome Lake

Ukiulizia mti wa mwiri mtaani Munyaka, mjini Eldoret, utajibiwa kwa majina kadhaa. Mkikuyu atauita muiri, Mkalenjin tendwet na Mluhya mwiritsa. Majina ni mengi, lakini miti yenyewe inazidi kupungua.

Mwiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ni mti wa misitu ya nyanda za juu. Waganga wa kienyeji wamelitumia gome lake tangu jadi. Kuanzia miaka ya 1960, watengenezaji dawa wa Ulaya nao wakaligombania, kwani hutoa dawa ya uvimbe wa tezi dume unaowasumbua wazee kukojoa.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Mti ukibanduliwa pande zote, mizizi hukosa chakula na mti hufa ukiwa umesimama. Tangu 1995, biashara ya kimataifa ya mwiri inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na gome haliuzwi nje bila kibali.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Lakini, msomaji, msemo huo hauufai mti huu. Mahindi hukaushwa yakangoja msimu ujao, ilhali mbegu za mwiri zikikauka mno hufa. Ghala lake la kweli, basi, ni msitu wenyewe, ambako ndege na kima hula matunda na kuzitawanya mbegu. Mikaratusi tunayopanda hutupa kuni na nguzo, lakini hairudishi msitu wa aina hiyo.

Je, mkazi wa Munyaka afanye nini? Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hali inayoufaa mwiri. Shule au kanisa lenye uwanja laweza kuuotesha, mradi mbegu zipandwe mara matunda yanapoiva.

Aidha, mnunuzi wa dawa sokoni amwulize mwuzaji gome limetoka wapi. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kutoa mazao katika msitu wa serikali bila kibali. Mganga anayejali kesho hubandua sehemu tu ya gome, kisha huuacha mti upone kwa miaka kadhaa.

Leo anayehitaji dawa hiyo ni babu. Siku moja atakuwa mjukuu, naye asije akarithi jina tupu.