Ufundishaji wa Usanifu wa Miundo ya Mbao kwa Wanafunzi wa Uhandisi Ujenzi: Mfano wa Paa za Nyakiriba, Rubavu

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna ya kufundisha usanifu wa miundo ya mbao kwa wanafunzi waliokwisha kuzoea zege na chuma. Yanatumia paa za nyumba za Nyakiriba kama mfano, na yanadai kwamba somo lianzie kwenye ubao wenyewe kabla ya majedwali ya viwango.

1.0 Utangulizi
Nyakiriba ni mojawapo ya sekta 12 za Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi hiyo, mikaratusi hupandwa kwenye miteremko, nayo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya mbao za kuezekea. Ukubwa wa mbao hizo huamuliwa na fundi seremala kwa uzoefu wake. Mhandisi naye, kwa kawaida, huhitimu akiwa amesoma zege na chuma kwa mihula kadhaa na mbao kwa saa chache tu. Matokeo yake ni kwamba paa, ambalo ndilo kinga ya kila kaya, mara nyingi halikokotolewi na mtu yeyote.

Upungufu huo una uzito wake Rubavu. Mwezi Mei 2021, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo ulifuatwa na matetemeko yaliyobomoa nyumba Gisenyi na Goma. Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika vibaya. Baada ya majanga kama hayo nyumba hujengwa upya, na kila paa jipya hudai mbao.

2.0 Mbao Haina Nguvu Moja
Mwanafunzi aliyezoea chuma hutafuta namba moja ya nguvu. Katika mbao, namba hiyo hubadilika kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mwelekeo wa nyuzi. Katika viwango vya Ulaya, mbao ya daraja C24 huhesabiwa kustahimili mgandamizo wa niutoni 21 kwa kila milimita ya mraba sambamba na nyuzi, lakini 2.5 tu inapogandamizwa kwa kukingama nyuzi. Ndiyo maana nguzo imara inaweza kudidimia ndani ya boriti iliyolazwa chini yake.

Sababu ya pili ni muda. Majaribio yaliyofanywa Madison, Marekani, yalionesha kwamba mbao inayobeba mzigo kwa miaka kumi huweza kubeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo inaoustahimili kwa dakika chache. Kwa hiyo Eurocode 5 huzidisha nguvu ya mbao iliyo mahali pakavu kwa 0.6 iwapo mzigo ni wa kudumu, kisha huigawa kwa 1.3 kwa ajili ya usalama. Nguvu ya kupindwa ya C24, ambayo ni 24, hubaki takriban 11.

Sababu ya tatu ni unyevu. Mbao inapokauka chini ya takriban asilimia 28 ya unyevu huanza kusinyaa, hasa kwa upana wake. Mkaratusi uliopasuliwa ungali mbichi hupasuka nchani na kupindana, na paa lililokuwa limenyooka siku ya kuezekwa huharibika umbo.

Zaidi ya hayo, 24 si nguvu ya kila ubao wa daraja hilo: hutarajiwa mbao 5 kati ya 100 ziwe dhaifu kuliko hapo. Aidha, C24 ni daraja la miti jamii ya misonobari. Ubao wa mkaratusi ambao haujapangwa daraja hauwezi kupewa namba hiyo kwa kukisia. Ni lazima mwanafunzi ajifunze kukagua mafundo, nyufa na mwinamo wa nyuzi.

3.0 Majaribio Matatu ya Darasani
Majaribio yafuatayo hayahitaji maabara kubwa. Kwanza, ubao wa milimita 50 kwa 150 ulazwe juu ya vihimili viwili na kubebeshwa ndoo ya maji, kisha usimamishwe kwa ubavu wake mwembamba. Hesabu huonesha kwamba ukisimamishwa hunepa mara 9 pungufu, na nguvu yake ni mara 3 zaidi, ilhali mbao ni ile ile.

Pili, kipande kibichi kipimwe uzito, kikaushwe kwenye tanuri kwa nyuzi joto 103 hadi uzito usipungue tena. Kikitoka gramu 780 hadi 520, unyevu wake ni asilimia 50 ya uzito mkavu.

Tatu, ubao uachwe na mzigo muhula mzima, na mnepo wake uandikwe kila wiki. Mwanafunzi atauona ukiendelea kunepa ingawa mzigo haukuongezwa.

4.0 Kiungo ndicho Kipimo
Paa la mabati ni jepesi. Hilo ni heri wakati wa tetemeko, kwa kuwa nguvu ya tetemeko hukua pamoja na uzito wa jengo. Hata hivyo, wepesi huo huo humpa upepo nafasi ya kulinyanyua. Hapo mbao inaweza kubaki nzima na misumari ikang'oka. Msumari uliopigiliwa kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi, haupaswi kutegemewa kuzuia mvuto. Kwa hiyo kila zoezi la kenchi liishie kwenye viungo: papi na pao, kenchi na ukuta.

5.0 Lugha ya Somo
Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na mpakani mwa Gisenyi na Goma husikika kila siku. Maneno kama kenchi, pao, papi, boriti na kunepa yanatosha kujenga daraja kati ya fundi na mhandisi. Baadhi yamebeba maarifa. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Zanzibar, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilivuka takriban mita 3 tu. Sababu yake hukokotoleka: umbali ukiongezwa maradufu, mnepo wa boriti yenye mzigo uliosambaa sawasawa huwa mara 16.

6.0 Hitimisho
Usanifu wa mbao haupaswi kufundishwa kama kiambatisho cha somo la chuma. Mwanafunzi aanze kwa kuugusa, kuupima na kuubebesha ubao, kisha afungue majedwali akijua kila kizidisho kinalinda nini. Akihitimu hivyo, ataweza kuketi na fundi wa Nyakiriba kabla paa halijapandishwa, wakaamua pamoja ukubwa wa mbao na idadi ya misumari.