Huzuni isiyo na matanga

Mtu akifiwa Nkwenda, Kaisho au Nyaishozi, huku Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, hana haja ya kumwomba mtu msaada. Jua halijazama, majirani wameshajaa uani. Wanaume wanashika majembe na sepetu, wanawake wanaingia na ndizi, maharage na kuni, na daftari la michango linafunguliwa. Usiku wapo watakaolala hapo hapo msibani, wengi wao wakiwa hawajasema neno zaidi ya pole. Kikundi cha kuzikana kina mwenyekiti, mweka hazina na faini kwa asiyefika. Mchumi Joachim De Weerdt na wenzake, waliohoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, waliwaeleza wachumi wa dunia kwamba vikundi vya namna hii ni bima halisi, yenye wanachama, kanuni na malipo.

Ni bima, sawa. Lakini ni tiba pia, na hilo halisemwi vya kutosha.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba mwenye uhusiano imara na watu wengine alikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya mpweke kwa asilimia 50, katika kipindi alichofuatiliwa. Mwili wenye hofu au huzuni humwaga homoni ya kotisoli, na ikikaa juu kwa muda mrefu usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, kinga hulegea. Kuwa na watu kunasaidia kuishusha.

Kuwa nao kwa namna gani? Hapo ndipo malezi na mila huingia. Vitabu vingi vya unasihi viliandikwa na watu wanaoamini kwamba mwenye uchungu hupona akiusema. Mwaka 2007 Shelley Taylor na wenzake walipima kotisoli kwa wanafunzi wa Marekani waliotiwa katika hali ya wasiwasi. Wale wenye asili ya Asia walitulia zaidi walipowafikiria tu watu wao wa karibu, bila kuwaeleza shida yao, kuliko walipoambiwa waombe ushauri na faraja waziwazi. Kwa wenzao wenye asili ya Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Wanyambo na Wahaya wa huku Kagera hawakuwamo katika utafiti huo, lakini yeyote aliyewahi kukaa matangani Karagwe ataitambua faraja ya aina ile ya kwanza. Unakaa na mfiwa, unamenya ndizi, unakaa tena. Hakuna anayemuuliza anajisikiaje.

Shida ni kwamba utaratibu huu wote unasubiri maiti. Mama wa Kyerwa ambaye mwanawe alivuka Murongo kwenda kutafuta kazi Uganda na simu yake haipatikani, hana matanga. Mkulima aliyeuza kahawa ingali maua kwa mtindo wa butura, akavuna ikiwa si yake tena, hana matanga. Mke anayesemwa na mawifi kwa kukosa mtoto, naye hana. Huzuni yao haina siku ya kuanza wala siku ya kuanua tanga, basi hakuna anayejua aje lini.

Hao ndio wanaokutwa kwenye benchi la zahanati. Hawaji wakisema wana sonona. Wanasema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, kifua kinawaka, usingizi hauji, mawazo ni mengi. Wanapimwa malaria, haipo. Wanapewa panadol, wanarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili wako benchi lile lile. Tusidhani huu ni ujinga wa kijijini. Mapitio ya machapisho 138 yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba malalamiko ya kuwaza kupita kiasi yanapatikana katika jamii nyingi za dunia, kuanzia Afrika hadi Asia ya Kusini-Mashariki, na mara nyingi huambatana na sonona na hofu bila kulingana navyo moja kwa moja. Mgonjwa amesema ukweli. Mpimaji ndiye aliyeishia kwenye damu.

Zahanati ikishindwa, kuna mganga. Zamani kulikuwa na embandwa, waliopandwa na roho kama Wamara au Mugasha na kuzungumza na familia nzima juu ya ugomvi uliofichwa. Leo kuna maombezi ya kukesha pia. Mwaka 2003 mtafiti Ngoma na wenzake walichapisha utafiti wa Dar es Salaam ulioonyesha kwamba matatizo ya kawaida ya akili yalikuwapo kwa asilimia 24 ya waliokwenda kliniki za msingi, na kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Sioni ajabu. Mganga huuliza nani amekukosea, nani amekufa, shamba lina mgogoro gani. Maswali hayo ni mazuri, hata pale majibu yake yanapoishia kumtaja bibi kizee asiye na hatia kuwa mchawi.

Ushahidi mzito zaidi kwamba kukaa pamoja huponya uko jirani. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, eneo la migomba, kahawa na makaburi mengi ya UKIMWI kama Kagera walikoripotiwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania mwaka 1983, Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dodoso la kigeni. Waliwauliza wanakijiji kwanza: UKIMWI umeleta matatizo gani? Wakaelezwa aina mbili za huzuni, ya mtu anayejichukia na ya mtu anayejihurumia, na dalili zake zikakaribiana sana na sonona ya vitabuni. Kisha katika vijiji 30 wakalinganisha wenye vikundi vya mazungumzo na wasio navyo. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa wiki mbili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokuwa na vikundi walishuka kutoka asilimia 86 wenye sonona hadi 6.5; wasio na vikundi, kutoka 94 hadi 54.7. Nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye.

Tiba iliyotumika katika vikundi hivyo ilizaliwa Marekani na ilibidi ikatwe upya. Mgonjwa wa New York huambiwa amkabili mumewe na kusema yanayomkera. Rakai hilo lingeweza kuleta kipigo, basi wanakikundi wakapanga njia za pembeni, kama kumtuma shangazi au mzee anayesikilizwa. Marehemu hasemwi vibaya, basi swali kuhusu ubaya wa marehemu likaulizwa kwa adabu.

Karagwe na Kyerwa zina nusu ya kazi hiyo tayari: vikundi vipo, daftari lipo, mazoea ya kukutana yapo. Lakini mtandao huu si wa kila mtu. Wanaume huchimba kaburi pamoja, kisha uchungu wao wenyewe huumalizia kwenye orubisi, pombe ya ndizi. Tena, tangu Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, iliyowaondoa maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, wengine wakiwa wameishi na kuoa hapa kwa miongo, zipo kaya zilizogawanyika pande mbili za Mto Kagera. Mtu anayehofia kuulizwa uraia wake hajiandikishi haraka kwenye kikundi. Mila inayofariji ndiyo hiyo hiyo inayochagua wa kumfariji.

Na ipo sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hivyo familia humficha badala ya kumpeleka hospitali. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho cha nchi hiyo kinapingana na Katiba. Bunge letu halina sababu ya kusubiri.

Wenyeviti wa vikundi vya kuzikana, ombi langu ni dogo: kila mkutano wa mwezi, kabla ya kufunga daftari, ulizaneni nani hajaonekana, na wawili waende kwake. Wakimkuta hali wala halali kwa zaidi ya wiki mbili, au hana hamu na chochote, wampeleke kituo cha afya na wamweleze mhudumu hivyo hivyo. Akisema maneno ya kufa, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani linasema kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Msimwache peke yake usiku huo.