Sadaka ya Idi Huanzia Jamvini



Katika mkutano mkuu ujao mtaulizwa neno moja ambalo kamati imelizungumza vikao viwili bila ya kupatana: chama chetu kitoe vipi sadaka ya sikukuu? Wako waliosema tugawe hadharani, mbele ya ghala, mkesha wa Idi. Wako waliosema tugawe fedha tu, kila mtu akanunue akitakacho. Na wako waliosema chama kisijitie katika jambo hili, kila mwanachama atoe mwenyewe mlangoni kwake. Kwa kuwa kila rai katika hizi ina haki yake, imeonekana yafaa kuzieleza hapa, ili kila mmoja wetu aje mkutanoni akiwa amekwisha kufikiri.

FITRI NA SADAKA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Zakatul-fitri ni faradhi. Kipimo chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, vya chakula kinacholiwa na watu wa mji, na kwetu sisi chakula hicho ni mchele. Kwa mizani ya leo ni kiasi cha kilo 2 na nusu mpaka 3. Mwenye nyumba hujitolea nafsi yake na hutolea kila ambaye chakula chake kiko juu yake: mke, watoto wadogo, na wazee wasiojiweza. Basi nyumba ya watu 7 hutoa pishi 7. Wala si lazima mtu awe tajiri; aliye na ziada ya chakula cha siku ya Idi na usiku wake, imekwisha kumlazimu. Wakati wake bora ni kabla ya kusaliwa Sala ya Idi, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, yajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia. Ikicheleweshwa mpaka baada ya sala, hadithi ya Ibn Abbas imeihesabu kuwa ni sadaka kama sadaka nyingine.

Hapa ndipo penye jawabu ya ndugu zetu wanaotaka fedha tupu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamejuzisha kutoa thamani, lakini Mashafi hawataki ila chakula chenyewe. Kwa hivyo fitri yetu na ibaki mchele. Ama sadaka haina kipimo wala haina namna moja. Yaweza kuwa fedha, yaweza kuwa kitambaa cha nguo, daftari za skuli, au nauli ya mgonjwa kwenda hospitali. Tena sadaka yaweza kupewa kila mwenye haja, hata mchumaji aliyetoka bara ambaye si Muislamu, ilhali fitri kwa madhehebu yetu haiendi huko. Basi mwenye kusema mchele na mwenye kusema fedha hawagombani. Kila mmoja anazungumza mfuko wake.

MWEZI NA MSIMU

Neno la pili ni la wakati, na kwa mkulima wa karafuu hili ndilo kubwa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa kiasi cha siku 11, na kwa sababu hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikazunguka misimu yote kwa muda wa kiasi cha miaka 33. Lakini mikarafuu haifuati mwezi. Yafuata mvua na jua, na msimu mkubwa wa Pemba huanza kiasi cha Julai ukaendelea mpaka mwisho wa mwaka.

Mnaikumbuka Idi ya 2008, iliyokuwa mwanzo wa Oktoba, na ile ya 2011, iliyokuwa mwishoni mwa Agosti. Zilikuwa Idi za miezi ya karafuu. Miezi hiyo majamvi hutandazwa kila uwanja, mchumaji akapimiwa pishi zake jioni na kulipwa, na hata bibi kizee anayeokota mpeta chini ya miti hupata cha kununulia kanga. Lakini Idi ya 2024 ilikuwa Aprili 10, na ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Hiyo ni masika. Fedha ya karafuu imekwisha kulipa madeni, mchumaji hana mti wa kupanda, na mwenye shamba mwenyewe anahesabu shilingi. Mwenye haja ameongezeka na mwenye kutoa amepungukiwa, katika siku hiyohiyo moja. Na hesabu ya mwezi yaonyesha kuwa Idi za miaka inayofuata zitaendelea kutukuta nje ya msimu mkubwa, mpaka mwaka 2030, ambao utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikiingia Januari na nyingine ikiingia mwisho wa Disemba.

Maana yake ni kwamba anayengoja mkesha wa Idi ndipo afikiri cha kutoa, amekwisha chelewa kwa miezi mitatu au minne. Siku ya kutoa ilikuwa pale karafuu zilipokuwa zinaanikwa. Na jambo hili si geni kwetu. Sura ya Al-An'am imeamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa kwake. Na katika Sura ya Al-Qalam kuna kisa cha wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri, wakaenda wakinong'onezana ili masikini asije akaingia. Walipofika wakakuta shamba limeteketea usiku walipokuwa wamelala. Aliyesoma chuoni hahitaji kuelezwa zaidi.

ASIYEOMBA

Neno la tatu ni la nani apewe. Mwaka jana tawi moja liligawa mchele barazani, watu wakapangwa mstari, na simu zikatolewa kupiga picha. Waliogawa nia yao ilikuwa njema, na magunia yote yalimalizika. Lakini mjane mmoja, ambaye mumewe alianguka mkarafuuni akafa na kumwachia watoto wanne, hakuja. Jirani yake alipoulizwa alijibu: "Yule hana buibui la kuvukia njia kuu, ndiyo mwende mkamsimamishe mbele ya watu?" Na mstarini walikuwamo watu wawili watatu wenye mashamba yao, waliokuja kwa kuwa kinachogawiwa hakikataliwi.

Sura ya Al-Baqara imemtaja mtu wa namna ya mjane yule: fakiri ambaye asiyemjua humdhani tajiri kwa vile anavyojizuia, na wala hawang'ang'anii watu kwa kuomba. Mtu huyo hapatikani kwa kutangaza. Hupatikana kwa jirani anayejua nyumba ipi haikupika futari, na kwa mwalimu wa chuo anayejua mtoto yupi anasema ataugua siku ya Idi, ili asiende Tibirinzi na wenziwe kwa kukosa nguo.

Ndugu zetu wanaopenda hadharani wana hoja, na haifai kuwadharau. Wanasema mtu akimwona mwenzake anatoa naye huona haya akatoa, na kwamba fedha za chama lazima zionekane zilikokwenda. Na Kurani haikuikataza sadaka ya wazi. Imeisifu, kisha ikasema kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Basi twaweza kupata yote mawili. Tutangaze mfuko, tufiche majina. Kila mwanachama na ajue kimeingia nini na kimetoka nini, magunia mangapi na shilingi ngapi, na isomwe mkutanoni kwa sauti. Lakini aliyepewa asijulikane ila na aliyempelekea.

RAI YA KATIBU

Kwa kuwa nimeulizwa na wengi, naiweka rai yangu hapa, nanyi mna hiari ya kuikubali au kuikataa.

Kwanza, kuanzia msimu ujao, kila mwanachama siku ya kupeleka karafuu kituoni atoe kibaba kimoja katika kila gunia, kiwe cha mfuko wa sadaka wa tawi lake. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mzigo mfuko utajaa, mwaka wa uchache utapungua, na hapana mtu atakayeingia katika deni.

Pili, mchele ununuliwe mapema, kabla ya Shaaban kuingia, kwani wote twajua bei inavyopanda Ramadhani ikikaribia. Itakayobaki iwe fedha kwa mahitaji yasiyolika.

Tatu, kila tawi lichague watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke, kwani kuna milango ambayo mwanamume habishi hodi. Hao ndio watakaoandika nyumba, na daftari lao lisisomwe na mtu mwingine. Vitu vipelekwe usiku, katika kumi la mwisho, na mtu wa jirani, bila ya picha na bila ya maneno. Sadaka inayofuatiwa na masimango imekwisha kuharibika.

Nne, fitri iwe na daftari lake mbali. Anayetaka kuitoa mwenyewe na atoe. Anayetaka chama kimfikishie, alete mchele wake, atie nia yake, na ataje idadi ya watu wake.

Ama rai ya tatu, ya kila mtu mlangoni kwake, hapana anayeiondoa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefunza kwamba anayempa masikini ana sadaka moja, na anayempa jamaa yake ana mbili, sadaka na kuunga udugu. Shangazi yako mwenye dhiki usimngojee mtu wa tawi akamfikie. Mfuko wa chama ni wa wale wasio na shangazi wala mjomba.

Mwenye rai iliyo bora kuliko hizi na aje nayo mkutanoni, isomwe na ipigiwe kura kama nyingine. Na anayeanika sasa, akiona vyema, asingoje kura. Kibaba akiweke kando leo.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama