Chakula cha mbwa na paka: Gunia ni nafuu, lakini si kila mara

Katika kaya nyingi za Kasense, Manispaa ya Sumbawanga, mbwa na paka si mapambo. Mbwa hulinda nyumba usiku, paka hulinda mahindi yasiliwe na panya. Wote wanahitaji kula kila siku, na pumba na dagaa wao hutoka kwenye fedha ileile ya daftari na sabuni za watoto.

Je, mzazi anunue kilo mojamoja, ndoo au gunia zima?

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za mashine ya mtaani kwako. Tuseme pumba ni shilingi 800 kwa kilo ukinunua kidogokidogo. Ndoo ya kilo 10 ni shilingi 7,000, yaani 700 kwa kilo. Gunia la kilo 50 ni shilingi 30,000, yaani 600 kwa kilo. Hapo gunia limeshinda.

Sasa angalia muda. Wanyama wako wakila nusu kilo kwa siku, ndoo itaisha kwa siku 20, gunia kwa siku 100. Gunia lililofunguliwa katikati ya Novemba, mvua zikianza Ufipa, litafika Februari bado lina pumba. Likiingia unyevu ukatupa kilo 8, utakuwa umelipa shilingi 30,000 kwa kilo 42. Kila kilo imekugharimu shilingi 714. Aliyenunua ndoo amekushinda.

Kilichooza asipewe mbwa

Wapo wanaokwepa hasara hiyo kwa kumpa mbwa chakula kilichoota ukungu. Ni hatari. Baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na inaweza kumuua. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Pumba hizo usimpe ng'ombe pia, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Dagaa nao wapimwe

Kopo la muuzaji huyu si kopo la yule, na lililobonyea chini hubeba pungufu. Omba dagaa wapimwe kwenye mizani, ndipo ulinganishe bei. Wale walioanikwa juu ya mchanga wapepete kwanza, usije ukalipia mchanga kwa bei ya dagaa.

Kabla ya kutoa fedha

• Pima kwa wiki moja wanyama wako wanakula kiasi gani.

• Gawanya bei kwa idadi ya kilo. Usilinganishe gunia na ndoo kwa macho.

• Nunua kinachoisha ndani ya wiki chache, hasa masika.

• Shirikianeni na jirani. Gunia la kilo 50 mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anapata bei ya 600 na chakula kinaisha kwa siku 50.

• Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kanuni ni hiyo hata kwa chakula cha dukani cha pakiti: bei ya kweli ni ya kile kilicholiwa, si kile kilichobebwa kutoka sokoni.