Brussels: Kitanda cha bei ndogo, karatasi za bei kubwa

Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya na ya jumuiya ya kujihami ya NATO, ina hoteli za kila aina. Ziko zinazopokea marais na mawaziri wetu wanapokuja kutafuta misaada, na ziko zenye ngazi nyembamba zisizo na lifti, zinazotupokea sisi wengine. Makala hii inahusu hizo za pili.

Tulizikalia kwa muda wa wiki moja, tukitokea Uholanzi tunakoishi, kuja kukutana na wanahabari wenzetu waliokimbia Burundi tangu mwaka 2015, baada ya redio zetu za Bujumbura kushambuliwa na kufungwa. Tulilala katika hoteli mbili, moja jirani na kituo cha treni cha Midi, nyingine upande wa kituo cha Nord.

Jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulijua ni kwamba bei za Brussels hufuata kalenda ya siasa. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, washauri, mawakili na wafanyabiashara hujaza vyumba, na bei hupanda. Ijumaa jioni wanarudi kwao, na chumba kile kile hushuka bei. Viongozi wa nchi 27 wanachama wakiitisha kikao cha kilele, hata kitanda cha bwenini hupata thamani mpya. Nafuu hupatikana mwezi wa Agosti, taasisi zinapokuwa likizo. Kwa maneno mengine, wakubwa wakikutana kujadili umaskini wetu, maskini hulala ghali zaidi.

Chumba chenyewe hakina maajabu: kitanda, sinki ukutani, dirisha linalotazama uani, na choo cha kushirikiana mwisho wa ujia. Asubuhi kuna mkate, jamu na kahawa. Juu ya bei iliyotangazwa huenda ikaongezwa kodi ya kulala, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema. Ndege nyingi kutoka Afrika hutua uwanja wa Zaventem alfajiri, lakini funguo za chumba hutolewa alasiri. Omba kuacha mizigo mapokezi, usikae nayo kituoni Midi, ambako wezi wa mifukoni wanajulikana. Kumbuka pia kwamba mji huu una lugha mbili rasmi: Midi na Zuid ni kituo kimoja, kama vile Nord na Noord.

Lakini kwa watu wetu, tatizo kubwa si bei wala choo. Ni karatasi.

Anayeomba viza ya Schengen hudaiwa ushahidi wa mahali atakapolala kabla hata hajajua kama atasafiri. Ubelgiji imeweka kipimo cha fedha: euro 95 kwa kila siku kwa anayefikia hotelini, na euro 45 kwa anayepokewa nyumbani kwa mtu. Huyo wa pili, mwenyeji wake anaweza kutia saini hati ya kumdhamini, na akishatia saini, anabeba dhamana mbele ya serikali. Juu ya hapo kuna bima ya afya ya euro 30,000 na ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukikataliwa. Hivyo mtu wa Bujumbura au Bukavu huanza kuigharimia hoteli ya Brussels akiwa bado kwao, na wengine hawaioni kamwe.

Ukifika mapokezi, karatasi zinaanza upya. Sheria ya Ubelgiji inaitaka kila hoteli iandikishe wageni wake. Sisi tunasafiri kwa hati ya wakimbizi inayotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, kijitabu cha buluu chenye mistari miwili myeusi kwenye pembe ya jalada. Katika hoteli moja, ambayo hatutaitaja, kijana wa mapokezi alikigeuza huku na huku, kisha akasema yeye anapokea pasipoti tu. Tulipomweleza, akaandika kwamba sisi ni raia wa Uholanzi. Tukamsahihisha: Burundi. Akauliza, bila ubaya wowote, kama ni Burundi, mbona hamna pasipoti ya Burundi?

Swali hilo tumeshalijibu mara nyingi mbele ya maofisa wa uhamiaji. Hatukutegemea kulijibu saa nne ya usiku, mizigo mkononi, mbele ya foleni ya watalii. Ilibidi apigiwe simu mkuu wake, na baada ya kama dakika 40 tukapewa funguo.

Ikumbukwe kwamba suala la wapi Mwafrika alale Brussels si geni. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, nje kidogo ya mji, watazamwe na umma. Saba kati yao walikufa na kuzikwa huko huko. Mwaka 1958, kwa maonyesho ya dunia, waliletwa mamia wengine, wakawekwa pamoja huko Tervuren, mbali na wenyeji. Miaka miwili tu baadaye mambo yaligeuka. Mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Januari 20, 1960, na wajumbe wa Kongo waliingia mjini kama wageni rasmi. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilitumbuiza katika hoteli ya Plaza, barabara ya Adolphe Max, na wimbo wa Indépendance Cha Cha ulizaliwa katika siku hizo. Patrice Lumumba, aliyetolewa gerezani ili ahudhurie, alifika Januari 26. Siku iliyofuata ilikubaliwa kuwa Kongo iwe huru Juni 30.

Leo wako wasiopata hata ngazi zetu nyembamba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021, Ubelgiji ilishindwa kuwapa malazi waomba hifadhi wengi, hasa wanaume wasio na familia. Walilala kwenye mahema kando ya mfereji, mbele ya kituo cha Petit-Château, hadi kambi hiyo ilipoondolewa Machi 2023. Warundi walikuwa wengi miongoni mwa walioomba hifadhi mwaka 2022, kwani Serbia haikuwa ikiwadai viza hadi Oktoba mwaka huo. Julai 18, 2023, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Ubelgiji hatiani kwa kutotekeleza amri ya mahakama yake yenyewe iliyotaka mwombaji mmoja apewe malazi.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini msifikie kwa ndugu? Mtaa wa Matonge, huko Ixelles, si mbali, na hapo utasikia Kiswahili cha Kivu na utakula sombe. Jibu la kwanza ni kwamba ndugu zetu wanaishi watano katika vyumba viwili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huku hata jembe halina pa kulimia.

Jibu la pili ni zito zaidi. Uhamishoni tumegawanyika kwa vyama, kwa makabila, na kwa kushukiana nani anapeleka habari nyumbani. Ukilala kwa fulani, umehesabiwa kuwa wa fulani, na kesho yake yule wa upande wa pili hatakueleza kitu. Kwa mwandishi wa habari hiyo ni hasara kubwa. Katika chumba cha kulipia walikuja kutuona watu ambao hawasalimiani, mmoja asubuhi, mwingine jioni, wakakaa juu ya kitanda kile kile kwa kuwa kiti ni kimoja, wakazungumza. Hilo halimo kwenye matangazo ya hoteli, lakini ndilo tulilolilipia.

Kwa anayekuja akiwa na hati kama yetu, tunashauri aandikie hoteli mapema, aitaje hati hiyo kwa jina, aombe jibu la maandishi, na alichapishe. Akiweza, afike mchana, meneja akiwa bado yupo.